Maji ya Mlezi

Tunu alikuwa karibu kusahau kupumua, na Mlezi akajua kabla yake.

Ndani ya kiota, kile kitanda cha kioo chenye umbo la yai lililokatwa ubavuni, kijikono chembamba kama mguu wa panzi kilishuka taratibu. Kikagusa kisigino cha mtoto mara moja, kwa wepesi wa tone la mvua, kikarudi juu. Kifua cha Tunu, kisichozidi kiganja cha mtu mzima, kikajaa hewa. Mama yake, Mwanamvua, alikuwa ameketi kitako kando ya kiota akipuliza uji wa pilipili manga, na hata hakuuweka chini.

Siku za mwanzo kila guso lilimtoa jasho. Sasa alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Tunu alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Watoto njiti, walivyomweleza hospitalini, huja duniani na mapafu yanayofanya kazi lakini ubongo usiokumbuka kuyaamrisha. Mtoto hupumua, hupumua, kisha husita. Ukimtikisa kidogo, hukumbuka. Asipokuwepo wa kumtikisa, husahau moja kwa moja.

Ndiyo maana hospitali za zama hizo ziliwaruhusu njiti kurudi nyumbani mapema pamoja na kiota na Mlezi. Kiota kilikuwa kitanda. Mlezi alikuwa akili isiyo na mwili, iliyokaa ndani ya kompyuta ya nyumbani: ilisikiliza pumzi, ikatazama rangi ya midomo, ikahesabu mapigo ya moyo, na kutokana na hayo yote ikatabiri mtoto atasita lini. Kazi ya kukigusa kisigino ilikuwa ya kile kijikono, nao wauguzi walikiita kigusi.

Tatizo lilikuwa joto. Kutabiri pumzi ya binadamu si sawa na kujumlisha bei za nyanya. Bongo la kompyuta lililobeba Mlezi lilichemka kama chungu, na kompyuta za kawaida zilipozwa kwa feni. Feni zile zilivuma kama kimbunga. Nayo kelele ya feni ilifunika kitu kile kile ambacho Mlezi alitakiwa kukisikia, pumzi ya mtoto yenye sauti ndogo kuliko ukurasa unaofunuliwa.

Mwanamvua alilitatua tatizo hilo mwenyewe. Alikuwa mfungashaji wa maparachichi mchana, na jioni, kwa miaka mitatu, alisomea ufundi wa kompyuta katika darasa la watu wazima, akirudi nyumbani na vidole vinavyonuka risasi ya kuunganishia nyaya. Mimba ilipoanza kumsumbua, na daktari alipomwonya kwamba huenda mtoto asisubiri siku zake, alivua feni zote akatengeneza kipozamaji.

Juu ya bongo alibana sahani ya shaba iliyochongwa mifereji myembamba kama nywele. Pampu isiyo na sauti ilisukuma maji katika mifereji hiyo, yakalipokonya bongo joto lake, yakatoka kwa mpira mweupe hadi kwenye bomba lililojikunja kama nyoka ndani ya ndoo kubwa uani, yakaiachia ndoo joto lake kali, kisha yakapita katika godoro la maji alilolalia Tunu. Godoro likapata uvuguvugu. Kutoka hapo maji yaliishia kwenye rejeta iliyoning'inia dirishani, ambako baridi ya Njombe iliyapoza yakarudi kuanza upya.

Na Njombe ilikuwa na baridi ya kutosha. Kompyuta kubwa za nchi zilihamia nyanda zile kwanza, zikiikimbia Pwani iliyokuwa ikizidi kuwa tanuri, na watu wakazifuata baadaye. Ndivyo Mwanamvua na mumewe Shekue, watoto wa Pangani, walivyojikuta wakivaa masweta mwezi wa saba. Shekue alikuwa fundi wa mitambo ya upepo huko Makambako, akirudi mwisho wa juma.

Kitu alichokipenda Mwanamvua kuliko vyote katika kazi yake hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuona aibu kujisifu. Kadiri Mlezi alivyofikiri kwa bidii juu ya mtoto, ndivyo godoro la mtoto lilivyopata joto. Fikra zenyewe ndizo zilizomfunika Tunu.

Hatari alizijua. Maji na umeme ni wake wenza wasiosalimiana. Ukiwaweka nyumba moja, lala jicho moja wazi. Kwa hiyo kila asubuhi alikunja karatasi laini, akaigusisha kwenye kila kiungo cha mpira aone kama itarudi na unyevu. Katika tangi dogo la pampu hakutia maji ya bomba, bali maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa kuwa maji tena, usio na chumvi wala chembe, na matone ya dawa ya kuzuia kuvu. Maji matupu kabisa. Maji, alivyopenda kusema mwalimu wao wa jioni, yasiyokumbuka yalikotoka.

*

Bi Mashavu, mama mzaa Shekue, alipanda kutoka Pangani na kanga zake, mafuta ya nazi, mkaja wa kumfungia mzazi tumbo, na chuki ya wazi kwa kiota.

Alikizunguka kama anayekagua mbuzi wa kununua. Akauliza kama ni kweli mjukuu wake analelewa na jiko. Mwanamvua akamweleza habari ya pumzi, ya kigusi na ya maji, polepole, kwa heshima, naye Bi Mashavu akasikiliza huku amebana midomo. Mwisho akasema, "Haya mwanangu. Sisi tuliwalea wenetu kwa mikono, labda tulikosea."

Kilichombadilisha ni ile ndoo ya uani. Mzazi wa Pwani hukandwa. Kwa siku zake arobaini huoshwa kwa maji ya moto hasa, kitambaa kikichovywa na kukandamizwa mgongoni, nyongani na tumboni mpaka mwili urudi mahali pake, na anayekanda huamka mapema kuchochea jiko. Bi Mashavu aliamka mapema siku ya kwanza, akatoka uani kwenye ukungu akitetemeka, akaikuta ndoo inafuka mvuke. Alitumbukiza mkono, akautoa upesi.

"Nani kachemsha?"

"Mlezi, mama. Ndiyo joto la kumfikiria Tunu hilo."

Bi Mashavu akaitazama kompyuta iliyokaa kwenye rafu yake, kimya, taa moja ya kijani ikiwaka.  Kuanzia siku hiyo alipopita mbele yake alikuwa akiguna kidogo, kama mtu anayemwitikia jirani. Juma halikuisha kabla hajaanza kuipa habari za Pangani.

Tunu naye alipewa vita vya mzaha. Kwa kuwa mjukuu alikuwa wa kike, bibi alimwita mke mwenza, na hakuna alichokifanya mtoto kisichokuwa hila ya kumpora mume. Akilia, anamwita bwana. Akilala, amechoka kwa kudekezwa. Kulikuwa na jambo moja hasa lililowachekesha wote. Tunu alikuwa na tabia ya kukunjua vidole vya mguu na kukisukuma kisigino nje ya shuka, kuelekea kule kigusi kilikotokea. Kigusi kikishuka, kikimgusa, hurudisha mguu.

"Mwone," Bi Mashavu alisema. "Mke mwenzangu keshajua utamu wa kuguswaguswa. Anautoa mguu kama bibi harusi anayepakwa hina."

Mwanamvua alicheka hadi akashika tumbo, kwa kuwa mkaja ulimbana. Akaona mtoto anamjua mlezi wake. Moyo ukamjaa.

Hakumweleza mkwewe jambo moja. Mlezi alikuja kutoka hospitali akiwa amepangwa kugusa pale mtoto anaposita. Siku ya tatu nyumbani Tunu alisita, midomo ikawa ya rangi ya zambarau, ndipo kigusi kikashuka. Ilikuwa nukta tu, mambo yakapita. Lakini Mwanamvua aliiona rangi ile kila alipofumba macho, kwenye ukuta, kwenye maziwa, kwenye uji. Hospitali iliwaachia wazazi uhuru wa kusogeza wakati wa guso, ikashauri wausogeze kidogo. Yeye aliusogeza hadi mwisho. Tangu hapo Mlezi hakusubiri Tunu asite. Alitabiri, akagusa mapema. Na rangi ile haikurudi tena.

*

Asubuhi iliyoharibika ilikuwa ya ukungu mzito, ule wa Njombe unaoingia ndani mlango ukifunguliwa. Bi Mashavu alikuwa amemaliza kumkanda mkaza mwanawe, sasa anamfunga mkaja, goti moja likiwa limemkaa nyongani, akivuta kitambaa kwa nguvu zake zote. Ndipo Mlezi aliposema.

Alikuwa na sauti tulivu ya kike, na kwa kawaida hakuongea ila alipoulizwa.

"Mama Tunu, bongo langu limepata joto kupita kiasi. Napunguza kasi. Kwa sasa siwezi kutabiri. Nabaki kusikiliza tu."

Mwanamvua alichomoka na mkaja ukiburuzika nyuma yake kama mkia. Taa ya kijani ilikuwa imegeuka ya manjano. Akashika mpira unaoingia kwenye sahani ya shaba, baridi. Akashika unaotoka, nao baridi. Akalisogelea bongo lenyewe kwa nyuma ya kiganja, na kabla hajaligusa joto likamrudisha mkono. Maji yalikuwa yamesimama. Kitu kilikuwa kimeziba ile mifereji myembamba kama nywele, na pampu, kwa ujinga wake wa mashine, ilikuwa ikiendelea kusukuma.

Angezima pampu, bongo lingeungua. Angezima kompyuta, Tunu angebaki bila mlinzi. Alisimama pale na mikono yote miwili hewani, mwanamke aliyefaulu somo la vipozamaji kuliko darasa zima, na kichwani hakukuwa na kitu.

Mpira ukaamua. Ulichomoka kwenye sahani kwa mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa, ukacheza hewani kama nyoka, na maji yakamrukia Mwanamvua usoni, kifuani, yakaimwagikia kompyuta nzima iliyokuwa wazi. Kukatokea mlio kama wa kitunguu kinachotupwa kwenye mafuta. Taa ikazimika.

Kukawa kimya. Alikuwa amefanya kazi miezi mingi kuutafuta ukimya katika chumba hiki, na sasa alikuwa nao wote.

Akajifuta macho. Kiganja kikarudi na rangi ya manjano, rangi ya wali wa biriani. Na harufu. Alikinusa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Ndani ya mashine yake, ndani ya maji yasiyokumbuka yalikotoka, kulikuwa na harufu ya marashi ya waridi.

*

Lakini hilo lilingoja, kwani kiotani kifua cha Tunu kilikuwa kimetulia.

Mwanamvua alifungua kioo, akakigusa kisigino kwa ncha ya kidole. Mtoto akavuta pumzi. Godoro lilikuwa linapoa chini yake. Akamtoa, akageuka kumtafutia mahali pa joto, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameloa tepetepe. Bi Mashavu tayari alikuwa amejifungua kanga kifuani, mwili wake ukiwa bado wa moto kwa mvuke wa kukanda.  Walimlaza Tunu pale, ngozi kwa ngozi, wakafunika kanga mbili na sweta la Shekue.

Hospitali ilipokea simu upesi. Muuguzi Mlowe, mwanamke mwenye sauti nzito ya kazi, alitaka kujua rangi ya midomo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha akasema magari yote ya angani yalikuwa chini kwa sababu ya ukungu. Gari la matairi linatoka sasa hivi, naye yumo. Mpaka lifike, mama awe kigusi.

"Unaniweka karibu na mdomo wako," akasema. "Usikate simu hata ukitaka kulia. Hasa ukitaka kulia."

Mwanamvua alipiga magoti mbele ya mkwewe, simu begani, mguu wa Tunu kiganjani. Mtoto akatulia, akamgusa. Akapumua. Akatulia, akamgusa. Ilimshangaza jinsi mtoto alivyosita mara nyingi. Akiwa anakunywa uji wake na kigusi kikifanya kazi, alidhani mtoto wake anasahau mara moja moja. Hakuwahi kuhesabu. Sasa ilikuwa kama kumsukuma mtu kwenye bembea: ukiacha, inasimama.

Kati ya guso na guso, bila kuinua macho, akauliza, "Mama, ulitia nini kwenye tangi?"

Bi Mashavu aliivuta kanga ikamfunika Tunu mabega.

"Kombe," akasema.

Kabla ya kupanda alikuwa amekwenda kwa mwalimu wa mtaani kwao. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi na maji ya kisima, akazitia katika chupa. Mwanamvua aliijua chupa hiyo. Alikunywa humo mwenyewe siku mkwewe alipofika, na Tunu alipakwa utosini. Iliyobaki Bi Mashavu aliitunza. Kila asubuhi, kabla ya kuteka maji ya kukandia, alifungua kizibo cha tangi akatia kidogo.

"Niliona nacho kinahangaika," akasema, na sauti yake ilikuwa imekonda. "Hakilali. Mchana kutwa kinamwangalia mtoto, usiku kucha. Mlezi yeyote wa mtoto hukingwa, mwanangu, ndivyo tunavyofanya kwetu. Nikasema na haya maji yanapita chini ya mgongo wake. Yatamzunguka."

Zafarani, marashi, chumvi ya kisima cha Pangani. Mwanamvua aliyaona yote kama kwenye ubao wa darasani: dawa ya kuvu ikizidiwa, ute ukiota gizani, ute ukijikusanya katika mifereji ile, kidogo leo, kidogo kesho. Na maji yenye chumvi, yakimwagikia nyaya, hupitisha umeme kama barabara. Maji matupu pengine yangemsamehe.

Damu ilimpanda. Maneno yalimjaa mdomoni, maneno ambayo mke hamwambii mama wa mumewe na bado akala naye sinia moja. Akainua uso ayaseme.

Bi Mashavu alikuwa analia bila sauti, amekikaza kifua kisitikisike, ili asimwamshe mtoto.

"Nimemuua mke mwenzangu?" akauliza.

Ndipo kisigino kikasukuma kiganja cha Mwanamvua.

*

Aliangalia chini. Vidole vya mguu vilikuwa vimekunjuliwa, vidogo kama punje za mtama. Kisigino kilimsukuma, kikatulia, kikasukuma tena. Kifua cha Tunu kilikuwa bado kinapanda na kushuka vizuri kabisa.

Kisha kikasimama.

Mwanamvua akagusa. Mtoto akapumua, akaurudisha mguu.

Alibaki kama aliyemwagiwa maji mara ya pili. Alisubiri, macho kwenye mguu badala ya kifua. Haikupita muda, vidole vikakunjuka. Kisigino kikaja, kikamtafuta. Kilipompata, ndipo pumzi ikasita. Si kabla. Mguu ulitangulia.

 Mtu anayesahau hakumbushi kwamba anakaribia kusahau. Mtu anayesahau hanyoshi mkono.

"Muuguzi," akasema kwenye simu. "Hasahau. Anangoja."

Muuguzi Mlowe akamtaka aeleze vizuri. Akaeleza: mguu, kisigino, jinsi walivyokuwa wakiucheka. Upande wa pili mlio wa injini ya gari ukasikika ukipanda kilima.

"Guso lake umelipanga wapi?" akauliza muuguzi.

Mwanamvua alifumba macho. Akaiona ile rangi ya zambarau. Akasema, "Mwisho. Mwisho kabisa."

Hakulaumiwa. Afadhali angelaumiwa. Muuguzi Mlowe alisema polepole, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba basi huyo mtoto hajawahi kupata nafasi. Kila alipofika ukingoni aliguswa kabla hajaamua. Watoto wadogo hivi hujifunza upesi kuliko watu wanavyodhani, na yeye alikuwa amejifunza hivi, kwamba pumzi huletwa. Unatoa mguu, unaletewa.

Mwanamvua alimtazama mkwewe, na hasira aliyokuwa ameishika haikupata pa kukaa. Mmoja alitia zafarani kwenye maji. Mwingine alitia woga wake kwenye mashine yenyewe, tena kwa utaalamu, kwa vidole visivyotetemeka. Maji yalikuwa yamebeba vyote viwili, yakavipitisha chini ya mgongo wa mtoto, usiku na mchana.

"Sikiliza, mama," akasema muuguzi. "Yuko kifuani kwa bibi? Vizuri. Bibi apumue kwa nguvu, ajaze kifua, mtoto apande na kushuka naye. Na wewe, akitoa mguu, usimguse."

"Nisimguse?"

"Macho kwenye midomo. Ikianza kubadilika rangi, gusa. Kabla ya hapo usimguse. Mimi niko hapa, tunakaribia."

Bi Mashavu alisikia. Alijifuta pua begani, akaegemea ukuta, akaanza kupumua. Alipumua kwa sauti, kama mtwangaji kinuni, kifua chake kipana kikimwinua Tunu na kumshusha, kumwinua na kumshusha. Chini yao maji ya manjano yalikuwa yamesambaa sakafuni hadi mlangoni, na chumba kizima kilinukia kama nyumba ya harusi.

Vidole vya mguu vikakunjuka.

Mwanamvua aliondoa mkono wake. Hakuna alichowahi kufanya kilichokuwa kigumu kiasi hicho, hata kuzaa. Kisigino kikatoka nje ya kanga, kikasukuma. Hakikukuta kitu. Kikasukuma tena, kikapapasa huku na huku hewani, kikimtafuta.

Kifua kikasimama.

Kidole chake kilikuwa kimekwisha kwenda. Alikirudisha, akakitia mdomoni, akakiuma. Macho kwenye midomo, midomo kwenye kifua cheusi cha bibi kinachopanda, kinachoshuka. Midomo ilikuwa ya waridi. Bado ya waridi. Ukingoni mwake kikaanza kitu, kivuli, labda rangi, labda hofu yake mwenyewe. Bi Mashavu alivuta pumzi ndefu kuliko zote, akaishikilia juu, na kumwinua mjukuu wake kama anayemwonyesha mtu.

Mguu ukarudi ndani ya kanga. Na Tunu, kwa hasira, kwa kilio chembamba cha mtu aliyeamshwa na kazi yake mwenyewe, akavuta hewa.

 Nje honi ya gari ikalia ukunguni. Mwanamvua alikuwa bado amekiuma kidole, na ulimini mwake kulikuwa na ladha ya shaba, na ya zafarani.

"Tena," akasema muuguzi kwenye simu. "Mngojee tena."

Akamngojea.